Ndoano Ishirini na Nne

Vernell Tubbs alikuwa amemwaga jiki mara ya nne tangu alfajiri, na harufu ya nyama ilikuwa palepale. Jengo lile lilikuwa supamaketi iliyofungwa miaka sita iliyopita, na sasa lilikuwa linageuzwa shule. Rafu zilibebwa, mashine za fedha zikabebwa, lakini damu ya nyama ilikuwa imeingia ndani ya saruji, na joto la Agosti hapa Detroit liliifufua kila asubuhi.

Chumba alichokuwa akikisugua kilikuwa jokofu la nyama. Ukubwa wake ulitosha magari mawili. Hakikuwa na dirisha. Mlango ulikuwa mmoja, wa chuma, unene wa shibiri, na kitasa cha ndani kiling'oka zamani.

Hilo la kitasa Vernell alilijua kwa mwili wake. Siku ya Jumanne alikuwa humo akifunga ndoano za makoti ukutani, mlango ukajirudia wenyewe. Alipiga ngumi dakika kumi na tano mpaka mpishi wa shule akamsikia. Tangu hapo, akiingia, aliuzuia mlango kwa ndoo, na bado aligeuka kila mara kuiangalia.

Jumanne ijayo watoto ishirini na wanne wa chekechea wangeingia humo kusoma. Mmoja wao Renita, mjukuu wake.

"Vernell! Mkaguzi wa zimamoto anafika saa tano. Viti viko wapi?"

Alikuwa Bi Pruitt, mwalimu mkuu, mwenye simu mbili na macho ya mtu asiyelala.

"Vipo kwenye gari langu, Mwalimu. Ulisema nivifiche."

"Sikusema ufiche. Nilisema uviondoe kwa muda."

"Sawa. Vimeondoka kwa muda, chini ya turubai."

Bi Pruitt hakucheka. Alitandaza ramani ya jengo juu ya meza. Darasa la kwanza, darasa la pili, ofisi, ukumbi. Pale kwenye jokofu paliandikwa neno moja: STOO.

"Darasa lazima liwe na dirisha na njia ya pili ya kutokea," alisema. "Stoo haihitaji chochote."

"Basi tutoboe ukuta. Wiki mbili tu. Nilisema tangu Mei."

"Na bodi ikasema bango la mbele kwanza. Wazazi wanaona bango, Vernell. Shule ya mkataba kama yetu, isiyo ya jiji, haipewi jengo na mtu. Tunapewa watoto, na kila mtoto anakuja na fungu lake la fedha za serikali. Hawa ishirini na wanne wakikosekana, hatufungui. Hakuna shule, hakuna mimi, hakuna wewe."

Vernell alilitazama lile neno STOO kwenye ramani. Shule ya mtaa, aliyosoma yeye mpaka alipoikimbia, ilifungwa na jiji na sasa ilikuwa imepigwa mbao madirishani. Iliyobaki ilikuwa safari ya mabasi mawili kutoka nyumbani. Binti yake aliingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Nani angempeleka Renita?

Saa tano na robo mkaguzi aliingia. Jina lake Stachura, mtu mnene, shati limemshika mgongoni.

"Jengo la tatu hili, bado matatu," alisema. "Nani ananitembeza?"

"Vernell," Bi Pruitt alisema upesi. "Ndiye fundi wetu wa majengo. Na ndiye anayetia sahihi."

Vernell alimgeukia. Hilo la sahihi ndiyo kwanza analisikia.

Walipita madarasani. Mkaguzi alipima milango, akabonyeza ving'ora, akaweka alama kwenye visanduku vya fomu. Walipofika mwisho, kwenye jokofu, Vernell alisukuma ndoo kwa mguu mpaka ikakaza mlango.

Stachura alisimama katikati, akanusa.

"Mlikuwa mnauza soseji humu?"

"Sana."

Mkaguzi akacheka kidogo, kisha akaacha. Alikuwa anatazama ukuta. Vernell akafuata macho yake. Viti alivitoa, meza alizitoa, vibandiko vya herufi alivibandua kwa kucha. Ndoano alizisahau. Katika mji huu wenye miezi mitano ya theluji, darasa lisilo na ndoano za makoti si darasa, basi alikuwa amezifunga bila hata kufikiri. Mstari mmoja, ishirini na nne, usawa wa kiuno chake.

Stachura aliinama, akaigusa moja.

"Fupi hizi."

"Za kutundikia mifagio," Bi Pruitt alisema kutoka mlangoni.

"Mifagio gani yenye urefu huu, mama?"

Mkaguzi alitazama saa yake. Kisha akamkabidhi Vernell fomu na kalamu.

"Tia sahihi hapa. Kwamba chumba hiki ni stoo, na kitabaki stoo."

"Na wewe unaonaje, kaka?"

"Mimi naangalia kisanduku, mzee. Kisanduku kinasema stoo."

Vernell alifikiria mabasi mawili gizani, Januari, mtoto wa miaka mitano. Akafikiria ngumi zake kwenye chuma. Akatia sahihi. Halafu chini ya jina lake, kwa mwandiko wake mbaya, akaongeza: *Ndoano 24. Urefu wa mtoto wa miaka mitano.*

Stachura alisoma. Alisoma tena, midomo ikitembea. Akatoa muhuri mfukoni, akaugonga pembeni ya maneno yale: IMEPITA.

"Siku njema," alisema, akaondoka bila kumtazama mtu.

Bi Pruitt alishusha pumzi. "Lete viti."

Vernell alikwenda kwenye gari. Viti aliviacha chini ya turubai, akarudi na spana kubwa. Alipiga goti kwenye bawaba ya chini, akaanza.

"Unafanya nini? Mlango huo ni mali ya mwenye jengo!"

"Mwambie aufuate nyumbani kwangu. Anapajua."

"Sasa chumba kitafungwa na nini?"

"Hakitafungwa, Mwalimu."

Boliti ya kwanza ilikuwa na kutu. Aliipiga, ikalia jengo zima, akaipiga tena.