Matembele ya Mwantumu

Usiku wa jana niliota ile Jumanne ya mwezi wa tatu, siku Mwantumu, mke wangu, alipoanza kutokuwepo. Ameinama tutani anachuma matembele, kama ilivyokuwa kweli, na sufuria iko jikoni. Ila ndotoni haanguki kama siku ile. Anakaa chini, anajifunika majani yale ya rangi ya zambarau hadi kichwani.

Tangu siku ile sijamruhusu mtu kuchuma. Bi Sikujua, jirani yetu, alikuja kuomba marando ya kupanda, maana wao wawili walipeana kila masika. Nilimwambia hayapo, naye alikuwa amesimama juu yake.

Sasa, ndotoni, matembele yanatambaa. Yanapita chini ya mlango, yanafunika kiti chake, kanga yake, kikombe chake. Naliuliza jani la mbele yanakwenda wapi.

"Tunatafuta wa kutuchuma," linasema. "Wewe ndiye mlinzi?"

Nasema ndimi.

"Unatulinda na nani?"

Chumba kimekuwa wodi. Nesi ni rando lililovaa kofia. Linanikumbusha kanuni ya bustani, kwamba ncha moja ikichumwa, mbili huchipua. Bi Sikujua yuko kwenye foleni na kikapu chake.

"Shemeji," ananiambia, "hata mbuzi wangu hana uchoyo huo."

Kitanda cha mwisho ni tuta. Nafukua kwa mikono. Mwantumu yumo, vidole vyake vimekuwa mashina mekundu, magumu.

"Umeniacha nikakomaa, baba Shani," anasema, kama mtu anayelalamikia chumvi.

"Nikikuchuma utakwisha."

"Nilikwisha bila kuchumwa."

Ananinyooshea kidole. Nakata ncha kwa ukucha wa gumba, kama alivyokuwa akichuma yeye. Haumii. Nasubiri zichipue mbili. Haichipui hata moja.

Niliamka jua limeshatoka. Gumba langu lilikuwa jeusi kwa utomvu wa matembele, na mimi sijayagusa tangu Jumanne ile. Nimelisugua kwa sabuni, weusi haujatoka.

Asubuhi hii nilimwita Bi Sikujua kupitia uani. Nilimwambia marando yapo. Alikata marando yake, akanichumia na mimi fungu moja la matembele, akaliweka kizingitini.

Mchana nitayapika. Sahani nimetoa moja.