Damu ya Mzee Épitace

Bisimwa alimwonea mdogo wake wivu mpaka kwenye kansa. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Walizaliwa wawili tu kwa mzee Épitace wa Bukavu, na mzee huyo alifia ukimbizini, kambi ya Dzaleka huko Malawi, mwaka 2004, kansa ya tezi dume imemla mpaka mifupa. Siku ya kumaliza matanga, wakubwa wa ukoo walilitoa koti lake ili wanawe walivae mbele ya watu, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo desturi ya kwao. Bisimwa, kifungua mimba, fundi cherehani anayejulikana kambi nzima, likamning'inia mabegani. Théophile likamkaa bila kuongezwa hata uzi. Shangazi Générose akapiga vigelegele: "Uyu njo Épitace mwenyewe!" Kisha akamgeukia Bisimwa, akatoa la moyoni: "Uyu, mama yake alikuyaka naye mu tumbo."

Neno hilo, kwamba mama aliolewa tayari ana mimba yake, lilimkaa Bisimwa kooni miaka na miaka. Mama yao alikwisha kufariki, wa kumuuliza hayupo. Kila Théophile alipokuja kutoka Lilongwe, alikofungua duka pale Area 49, akaimba kanisani kwa sauti ileile ya baba, na mwanya uleule wa baba, Bisimwa alisingizia kichwa kinamuuma akatoka nje. Faraja yake ilikuwa moja, binti yake Darlène. Huyo hata mgeni akimwona alisema ni baba yake mtupu, na Bisimwa alikuwa akitembea naye kifua mbele.

Basi mwaka 2017 Théophile naye akaanza kukojoa tone kwa tone. Hospitali moja ya Lilongwe ikakuta kansa ileile. Daktari akapeleka damu yake ikapimwe Afrika ya Kusini, na majibu yaliporudi, Théophile akamwita kaka yake.

"Yaya," alisema, amekonda, amelala ubavu. "Iko kitu tumerizi kwa papa, mu damu. Mwili wa kila mutu unachanika ndani kila siku, na uko na fundi wake wa kuushona. Wetu amezaliwa hajue kushona muzuri, njo kansa inapata njia. Nenda bakupime na we. Kama unayo, batakuangalia mapema, mbele haijakuwa kama yangu."

Mtu mwingine angeogopa. Bisimwa yeye alisikia "kwa papa" basi. Hata hiyo kaachiwa yeye, akawaza, na roho ikamuuma kweli kweli. Akajiamulia palepale: akiwa nayo, ni mwana wa Épitace, akiikosa, Générose alisema kweli. Darlène alimweleza mpaka mate yakamkauka kwamba sivyo, mzazi humpa mtoto nusu tu ya vyake, hata mwana halali anaweza kuikosa kwa bahati. Wapi! Mzee wa watu alitoa damu, akarudi Dzaleka, akawa anawashonea watu suruali mguu mmoja mrefu mmoja mfupi.

Siku ya majibu, daktari alizungumza Kiingereza, Darlène akawa anamtafsiria baba yake.

"Papa, unayo."

Bisimwa aliruka kitini. "Njo vile! Mi mwana wa Épitace! Générose iko wapi leo?" Akacheka huku machozi yanamtoka, akamshika daktari kwa mikono miwili akimshukuru kwa Kichewa, zikomo, zikomo kwambiri, na daktari akabaki amekodoa macho. "Mupigie Théophile! Mwambie ile koti tutagawana!"

Daktari akaongeza maneno mengine, polepole. Darlène hakutafsiri.

"Anasema nini?"

"Kansa bado hauna. Utakuwa unakuja kupimwa kila mwaka."

"Na ingine?"

Darlène alikuwa amekunja mikono kifuani. "Anauliza kama uko na batoto. Hata banamuke banairizi, papa. Kwetu inaendaka mu matiti."

Bisimwa akakaa. Daktari alimtazama binti, akamtazama baba, akatabasamu kidogo, akasema jambo.

"Anasema tunafanana," Darlène akatafsiri.

"Hapana," Bisimwa alisema. "Mwambie hapana. Mwambie we unafanana na mama yako."