Kifua cha Fundi Rangi

Chaga za kitanda zililia gizani, mara moja, kisha kimya. Hadija hakuhitaji kuwasha taa. Alijua Yunusu ameinuka kukaa, miguu sakafuni, viganja magotini, anaitafuta pumzi. Akilala chali anazama. Siku hizi mumewe hulala ameketi, mgongo ukutani, na mtoto wao Rukia kajikunja pembeni yake kama kifaranga.

"Kunywa maji, baba Rukia."

"Hayapiti."

Kulipopambazuka, Hadija alimshika Rukia mkono wakakatiza soko la Kiboriloni, akina mama wakiwa bado wanashusha mikungu ya ndizi, hadi gereji ya mzee Elimringi, bosi wa Yunusu. Daktari alikuwa amesema mapafu ya Yunusu yameharibiwa na rangi ya kupulizia magari. Bosi wake akija kukiri kwamba mtu huyu kaumia kazini kwake, njia ya matibabu ipo. Asipokuja, dada yangu, mkae naye tu nyumbani, alisema.

Elimringi alikuwa anamkabidhi dereva wa watalii gari lake. Aliligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole.

"Sikiliza hiyo sauti. Kutu tumeikwangua mpaka chuma kimeng'aa. Ikaja praima ya kuzuia kutu, ikapigwa msasa, ikaja praima tena. Huku chini, matairi yanakorusha kokoto, tumepaka ile nyeusi, nene kama lami. Ndipo rangi yenyewe. Na juu ya rangi, klia, inaganda ngumu kama kioo. Panda nalo Uru, teremka nalo, mawe yatachoka yenyewe. Gari limevaa fulana, shati, sweta na koti!"

Dereva akacheka, akaondoka amefurahi.

Chini ya turubai, Mudrik, aliyeshika nafasi ya Yunusu, alikuwa anapulizia gari jingine, kipande cha kanga kimefungwa puani. Ukungu wa rangi ulimmeza mpaka nyusi zikawa nyeupe. Harufu ilimkwaruza Hadija kooni. Akamfunika Rukia uso kwa mtandio.

"Mudrik! Hilo si bomba la kumwagilia mchicha! Rangi ikitoa machozi utailamba!"

"Sawa, meku," Mudrik akamwitikia mzee kwa Kichaga.

Hadija akasogea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Rukia. Huyo mvivu wetu kaamka?"

Hadija akaeleza maneno ya daktari. Elimringi alimsikiliza huku akijifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Mfanyakazi wangu? Mama, Yunusu alikuwa kibarua. Akitaka anakuja, asipotaka haji."

"Mzee, mbona alikuja miaka yote? Kila siku, labda akose Ijumaa mchana tu, akienda msikitini."

"Si umesema mwenyewe? Ijumaa haji." Mafundi waliokuwa wanapiga msasa wakacheka, kisha wakainama tena.

"Hata barakoa hakupewa, mzee."

"Mae! Barakoa!" Sasa Elimringi alipandisha sauti ili wote wasikie. "Nilimpa maziwa. Kila siku ya kupulizia, fundi ana chupa yake, maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe, yanashuka toka Uru bado yana joto. Maziwa yanaosha kifua, yanaondoa sumu ya rangi. Nani hapa hajui?"

"Tunajua, meku."

Hadija naye alijua. Yunusu alijua kuliko wote. Ndiye aliyewafundisha hao. Lakini tangu Rukia aache ziwa, mbavu zikahesabika na nywele zikaanza kubadilika rangi, chupa ile ilikuwa inarudi nyumbani ndani ya jaketi, imejaa hadi shingoni. "Mimi nimeshakunywa yangu," Yunusu alikuwa akisema, na Hadija alikuwa akibandika sufuria jikoni bila kuuliza.

"Mudrik, wewe unaumwa?" Elimringi aliuliza.

Mudrik alishusha kitambaa. Alimtazama Hadija, akamtazama bosi. "Siumwi, meku."

"Umeona? Anayekunywa haumwi. Mume wako ama anavuta vitu vyake, ama maziwa yangu alikuwa anayauza." Akatupa chini kitambaa alichojifutia mikono. "Haya, mimi si mtu mbaya. Kanisani kwetu wananijua. Wewe apa hapa kwa Mungu wako, mbele ya hawa mafundi, kwamba Yunusu alikunywa kila chupa niliyompa. Apa, nachukua ufunguo, nakwenda na wewe hospitali sasa hivi. Nitamwambia daktari huyu ni mtu wangu."

Kompresa ilizimwa. Hakuna aliyepiga msasa.

Hadija aliwaza ule mgongo ukutani. Aliwaza jinsi midomo ya Yunusu ilivyokuwa imegeuka rangi alfajiri. Mungu angemuuliza siku nyingine, si leo. Akainua mkono wa kulia.

"Wallahi..."

Rukia aliutoa mtandio usoni. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Alikuwa amesikia watu wazima wakizungumza habari ya kitu anachokijua vizuri, na alifurahi kuwasaidia.

"Maziwa nilikuwa nakunywa mimi," alisema.