Ndagala Nyuma ya Mwamba

Nilikuwa nimechoka hata kabla sijafungua macho. Wiki nzima nilizunguka Jakobsberg nyumba kwa nyumba, nikiwaosha wazee wa Kiswidi, nikiwainua kitandani, nikiwaketisha, nikiwalaza tena. Jumamosi ile ndiyo ilikuwa siku yangu ya kulala. Lakini binti yangu Maombi alisimama mlangoni kwangu, viatu vya mpira mkononi.

"Mama, amka. Mikael anatungoja stesheni. Uliahidi."

Niliahidi, kweli. Mikael ni kijana wa Kiswidi anayetaka kumwoa. Amepata kazi Kiruna, huko kaskazini kabisa ambako jua la Desemba linasahau kuchomoza, na anataka kwenda na mtoto wangu. Maombi alishaniambia wazi: "Bila baraka yako siolewi, Mama. Lakini leo unijibu." Basi jibu nilikuwa nalo, nalo lilikuwa hapana. Nilipanga kulitoa kwa heshima huko huko baharini walikokuwa wananipeleka, halafu nirudi nyumbani nilale.

"Hivyo viatu sivai," nikamwambia. "Mama mkwe aonane na mkwe wake kwa viatu vya mpira? Mimi mchezaji?" Nikavaa vikwembe vyangu vya sherehe, vitenge viwili kama inavyopaswa, kimoja juu ya kingine, na viatu vya ngozi vya kwendea kanisani. Maombi akanung'unika kitu kwa Kiswidi. Sikumwuliza ni nini.

Stesheni nikamkuta mkwe mwenyewe yuko peke yake, mkoba mkubwa mgongoni. Kwetu Uvira kijana anayetaka binti wa watu anakuja na wajomba, na baba wadogo, na msemaji mwenye ulimi.

"Umekuja na nani?" nikamwuliza.

"Na kahawa," akajibu, akacheka. Halafu akainama: "Shikamoo, Mama."

Maskini, kaisoma kwenye simu! Hiyo ni ya Watanzania, sisi tunasema jambo na inatosha. Akaninyooshea mkono. Mimi wangu nikauficha ndani ya kikwembe. Kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai kiti kimoja. Maombi alikuwa amemweleza yote hayo, najua, lakini kuelezwa si kuzoea. Mkono ukabaki hewani, kisha akautia mfukoni.

Treni ikapita Sundbyberg, ikapita mjini, ikapita misitu na misitu mingine, ndipo ikafika Nynäshamn, mwisho wa reli. Tukashuka, tukaanza kutembea. Njia iliingia msituni, ikapanda mwamba, ikashuka, ikapanda mwingine. Bahari ilikuwa kandokando yetu, ya kijivu, na visiwa vingi.

"Mama, ona, ni pazuri!" Maombi akasema.

Ni pazuri, sikatai. Lakini mimi nimezaliwa ziwa likiwa mbele na milima nyuma. Mlima kwetu tuliupanda kwa mambo mawili: kwenda shamba, au kukimbia risasi. Kupanda ili uangalie ng'ambo halafu ushuke mikono mitupu, bila hata kuni za kupikia, ee Mungu wangu! Hawa watu wamelala vizuri kiasi gani? Na Mikael kila alipoona alama ya njia, ya rangi ya chungwa, kwenye mti aliionyesha kwa furaha, utadhani ni yeye aliyeipaka.

"Mama amechoka?" akauliza.

"Mama hachoki," nikajibu. Uongo mtupu. Magoti yangu yalikuwa yanaomba msamaha kwa dhambi ambazo sijatenda.

Mwishowe tukafika penye mwamba mpana juu ya maji, na Mikael akafungua mkoba. Mkate, jibini, soseji, kahawa. Akanimiminia kikombe, akakiweka chini mbali nami kidogo, kwa adabu. Angalau hilo alilikumbuka. Lakini kula mbele yake siwezi. Tumbo linalia, mdomo unasema asante nimeshiba. Heshima si utumwa, wanasema, ila siku hiyo ilikuwa imenifunga kamba.

Mfukoni nilikuwa na kikopo cha ndagala, wale dagaa wa kwetu, wa kukaanga na kipande cha bugali. Nikamwambia Maombi naenda kuangalia maua. Maua gani, mwezi wa kumi! Nikazunguka nyuma ya mwamba mkubwa, nikatafuta mahali ambapo mkwe hanioni, nikatia ndagala wa kwanza mdomoni. Utamu ule! Nikasogea hatua moja nikae vizuri. Kiatu cha kanisani kikakanyaga majani mabichi juu ya jiwe, nami nikaenda chini, vikwembe juu, ndagala wote baharini.

Nilipiga kelele. Wakaja mbio. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeanza kuvimba hapo hapo. Mikael akapiga magoti, akaniomba nichezeshe vidole, nikavichezesha. Hakijavunjika, akasema, ila kutembea haiwezekani. Akatoa simu aombe msaada.

"Thubutu!" nikamwambia. "Niletewe helikopta kwa sababu ya ndagala?"

Maombi akajaribu kunishika kwapa. Ni mwembamba, huyu mtoto. Tukaenda hatua chache, tukaanguka wote wawili. Nikasema basi, nitajisogeza kwa makalio. Nikajisogeza kweli, mama mzima na vikwembe vya sherehe, nikivuta mguu kwenye matope. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kufikia mti wa pili nilikuwa nalia, na si kwa maumivu. Ilikuwa aibu, na kuchoka, kuchoka kwa miaka.

Mikael alivua mkoba akampa Maombi, akaja mbele yangu, akanigeuzia mgongo, akachuchumaa. Akangoja.

"Haiwezekani," nikasema.

"Mama," Maombi akasema, "jua linashuka."

Nikavua kikwembe cha juu, nikakitandaza mgongoni pake ili kitu fulani kiwe kati yetu. Nikajisemea wahenga wasiponisamehe kwa hilo, basi waje wanibebe wenyewe. Nikapanda. Akainuka akitetemeka, akaanza kutembea.

Nilisikia anavyohema.

"Mimi mzito?" nikamwuliza.

"Ndiyo, Mama. Mzito sana."

Nikacheka nikiwa bado nalia. Kijana wa kwetu angesema mwepesi kama pamba, halafu angetafuta mahali pa kunitupa.

"Mikael, leo nilikuja kukukatalia."

"Najua."

"Unajua? Sasa unanibebea nini?"

Akafikiri kidogo. "Mguu umevimba," akasema.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka wenyewe. Nikamwambia kwamba sababu si mila wala si wajomba. Baba yake Maombi amekufa, na nyumba nzima ni mimi na huyu mtoto. Nikitoka kazini ni yeye anayeniuliza kama nimekula. Akienda Kiruna, nitafungua mlango na hakuna atakayeuliza. "Ninaogopa," nikasema. "Basi. Ninaogopa."

Maombi, aliyekuwa mbele na viatu vya kanisani alivyonivua, akasimama njiani.

"Mama, mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Ukirudi wewe, mimi nimelala. Nikirudi mimi, wewe umelala."

Akaja, akanishika mkono pale juu nilipokuwa, akatembea hivyo kando yetu, akilia kimyakimya.

"Nenda naye," nikamwambia. "Ninakubali. Na wewe Mikael, uniletee wazee wako nyumbani, wakae kwenye viti, waseme wanachotaka. Na siku hiyo hakuna kutembea!"

"Hakuna, Mama," akasema. Jasho lilikuwa limelowesha kikwembe mpaka kwangu.

Msitu ukaisha. Mbele kulikuwa na maegesho ya magari, na benchi, na barabara ambako teksi ingeweza kutufuata. Maombi akakimbia kulifuta benchi maji. Mikael akageuka taratibu, akapinda magoti, tayari kuniteremsha.

"Tumefika, Mama. Nikutue?"

Maisha yangu yote nimeinua watu. Nikaweka shavu langu begani pake, pale kikwembe kilipokuwa kimeteleza.

"Bado," nikasema. "Bado kidogo."