Joto Halizoeleki

Mimi nakanda unga kwenye bekari hii mwaka wa kumi na mbili sasa, na kunyamaza sijui. Kaka yangu ndiye anayechoma mikate. Hapa kwetu mchomaji ana haki moja ambayo hata bosi hakuwahi kuigusa: kila akimaliza mkupuo mmoja wa mikate, hutoka mlango wa nyuma, hukaa kwenye ngazi mpaka jasho likauke. Hakuna kumwita.

Mwaka huu jasho halikauki. Nje kunawaka kama ndani. Juzi kaka alikaa pale akingoja, akingoja, mikate ya mkupuo uliofuata, iliyokuwa tayari tanurini, ikaungua. Leo asubuhi bosi akatukusanya kwenye meza yangu ya kukandia, akatangaza kwamba haki hiyo imekwisha, na asiyetaka akusanye vitu vyake.

Karani wetu akajitutumua. "Bosi, hali ya hewa imebadilika. Dunia ina homa."

"Homa hupanda, homa hushuka," bosi akadakia. "Mtu analala, anaamka mzima. Tatizo liko wapi?"

Nilitamani kumzaba karani kibao. Homa! Mifano yote iliyopo, yeye katuletea ule unaomtetea bosi! Homa mwili huiwasha wenyewe na kuizima wenyewe. Hili joto tunalichochea sisi kwa moshi wetu, kila siku ya Mungu, na bado tunachochea. Litashukaje?

Bosi alipoona karani kanywea, akanogewa. "Dunia ni kama huyu hapa," akamwonyesha kaka kwa kidole. "Miaka kumi na tisa mbele ya tanuri. Kazoea. Na dunia itazoea vivyo hivyo. Acheni kudeka."

Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Jamani! Damu ikanichemka.

"Kazoea nini?" nikauliza. "Kaka hajalizoea tanuri hata siku moja! Kila mkupuo ukiisha analikimbia. Kilichomweka hai ni ule mlango. Haya niambie, bosi, dunia ikizidiwa itatoka iende kukaa wapi?"

Alimgeukia kaka. "Sema mwenyewe. Umezoea, hujazoea?"

Kaka ana watoto wanne. Akatazama sakafu. "Nimezoea, bosi."

Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia bosi, sifichi. Akachoma mkupuo wa kwanza, hakutoka. Wa pili, hakutoka. Bosi alisimama kando, mikono nyuma, anatuangalia mmoja mmoja kama mtu aliyeshinda kesi. Wa tatu, kaka akaweka trei sakafuni badala ya mezani, akabaki ameinama vilevile. Nikakimbia nikamshika shingo. Ilikuwa kavu. Hakuna hata tone la jasho, na inaunguza.

"Mama," akaniambia, "leo nisiende shule."

Mama yetu tulimzika zamani.

Nikamlaza sakafuni, nikafunga gesi ya tanuri. Bosi akaanza kupiga kelele: unga umeshaumuka, trei arobaini zinangoja, nimeingiwa na wazimu?

"Ndiyo, nimeingiwa," nikamwambia, huku nimempakata kaka kichwa. "Shika miguu, tumtoe."

Akabaki ananitumbulia macho.

"Nimesema shika miguu!"

Akashika.