Pamba Masikioni

Asilimia kumi na nane. Milembe alifuta mikono kwenye kitenge chake, akakaza macho kwenye kioo kana kwamba namba ile ni mtoto mkaidi, ukimtazama sana ataona haya. Namba haikuona haya. Ilikuwa imeganda hapo tangu saa mbili na nusu, na sasa saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nne. Saa nane guta la Salu, la magurudumu matatu, lingefika kubeba vyuma chakavu.

"Bado kumi na nane?" aliuliza Mabula bila kuinua uso kwenye simu.

"Bado."

"Nilikwambia, dada. Hiyo haisikii tena. Mafundi wawili wa mjini wameipiga windo, wote wawili wamenyoosha mikono. Wewe mwenye ufagio ndiyo utaiweza?"

Mabula alikuwa katibu wa chama cha wakulima wa pamba, hapa pembezoni mwa Bariadi, kijana aliyechomekea shati hata siku ya Jumamosi. Meza yake ilikuwa na kompyuta mpya, nyembamba. Ile kuukuu ilikuwa chini ya dirisha, karibu na mlango wa ghala. Lilikuwa boksi zito la rangi ya majivu, na kioo chake kilikuwa na kisogo kirefu kama kiazi.

"Mimi hata hilo windo silielewi," alisema Mzee Ngeleja, mwenyekiti, kutoka kwenye kiti chake cha kamba. "Dirisha hupigwa ukutani. Hapa mnalipiga wapi?"

"Ndani, baba," Milembe alimjibu. "Ni ile programu inayoiamsha na kuiambia fanya hivi, fanya vile. Bila hiyo ni boksi tu."

"Basi kwa sasa ni boksi," alisema Mabula.

Makubaliano yalikuwa mepesi, na yalikuwa yameandikwa. Kamati ilikaa ikaamua kompyuta ile iondoke na majembe yaliyovunjika na mabomba ya dawa yaliyooza. Milembe, ambaye siku hiyo aliingia kuwagawia chai, aliweka birika chini na kuomba apewe yeye. Watu walicheka, kicheko cha kawaida tu, kisicho na ubaya. Mzee Ngeleja hakucheka. Alisema: "Ikiwaka na kufanya kazi kabla Salu hajaipakia kwenye guta, chukua. Isipowaka, iende." Mabula akaandika hivyo hivyo kwenye muhtasari.

Milembe Masalu alikuwa na miaka arobaini na sita, na kazi alizokwisha kufanya vidole havitoshi kuzihesabu. Alizaliwa Shishiyu, akaishia darasa la saba. Alianika dagaa Kalemela mpaka mume wa huko akamchoka, au yeye akamchoka mume, inategemea nani anasimulia. Aliuza ndizi na mayai ya kuchemsha pale stesheni Malampaka, akikimbia sambamba na madirisha ya treni. Halafu Bariadi, na ufagio. Mwaka juzi parokia ilipotangaza mafunzo ya kompyuta ya miezi mitatu, aliingia. Wanafunzi walikuwa ishirini na wawili, kompyuta moja. Mwalimu wao, Winnie, aliwachorea kibodi kwenye maboksi ya sabuni, kila mtu na lake, akawaambia wafanye mazoezi nyumbani mpaka vidole vijue njia vyenyewe.

Wenzake walitupa maboksi siku ya kupewa cheti. Milembe hakulitupa la kwake. Kila jioni baada ya kuosha vyombo aliliweka mapajani na kuandika juu yake barua zisizoonekana. Herufi A ilikuwa imefutika zamani. Seremala alikuwa amemtengenezea meza, ndogo, ya mninga, na ile meza ilikuwa imekaa chumbani kwake mwaka mzima bila kitu. Jirani akija na sahani ya ugali akataka kuitua pale, Milembe alikuwa anaidaka hewani.

Kwa hiyo kompyuta ile kuukuu haikuwa boksi tu.

Aliinama akaokota kitambaa cha vumbi. Unapokosa la kufanya, fanya unaloliweza, na yeye aliweza vumbi. Alifuta meza ya Mabula, akapita nyuma ya ile kompyuta mpya, na kama kila asubuhi, hewa ya uvuguvugu ikampuliza mkononi. Alishazoea. Alikuwa anaiita pumzi ya Mabula, kimoyomoyo.

Akasimama na kitambaa mkononi.

Miaka mitatu alikuwa anafuta nyuma ya zote mbili. Ile mpya ilimpuliza kila siku. Ile kuukuu haikumpuliza hata mara moja.

Akarudi chini ya dirisha. Juu ya boksi kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, chenye ua jekundu na neno KARIBU, kimening'inia mbele na nyuma. Akaingiza mkono chini yake. Boksi lilikuwa la moto kama chungu kilichotoka jikoni sasa hivi. Akapeleka kiganja nyuma, pale penye matundu. Akangoja. Hakuna kitu. Akakumbuka pia kwamba asubuhi, ilipokuwa bado ya baridi, namba ilikimbia vizuri tu: mbili, tano, tisa. Ilianza kuburuta miguu ilipopata moto.

"Haipumui," alisema.

"Nani?" aliuliza Mzee Ngeleja.

"Hii. Mafundi wote waliigusa kwenye vitufe. Hakuna aliyeigusa mgongoni."

Akabonyeza kitufe cha kuzimia, akakishikilia. Kioo kikawa cheusi. Mabula akaweka simu mezani.

"Umezima? Dada, umezima? Ile kumi na nane ndiyo ilikuwa yako yote. Sasa unarudi sifuri."

"Najua."

"Saa nne hii."

"Najua, Mabula." Alikuwa ameshalivuta boksi mbele. "Niazime ile bisibisi ya ghalani."

Alikunja kile kitambaa, na Mzee Ngeleja akasema haraka, "Usikichafue. Apolonia alikifuma kwa ajili ya ofisi." Apolonia alikuwa mke wake.

"Sikichafui, baba."

Skrubu zilikuwa tatu. Ya tatu ilikataa, akaitia mafuta ya taa, ikakubali. Ubavu wa boksi ukatoka. Milembe akachungulia, asielewe mara moja anaona nini. Palikuwa peupe.

Kila tundu la boksi lile, la nyuma na la pembeni, lilikuwa limezibwa kwa pamba. Si vumbi la pamba, ambalo hapa, msimu wa ununuzi, hukaa hata kwenye kope za watu. Ilikuwa pamba iliyosokotwa vidonge vidogo vidogo na kushindiliwa kwa uangalifu, kimoja kimoja, kama mtu anayepanda mbegu. Nyuzi zilizochomoka ndani zilikuwa zimenaswa na feni. Feni ilizunguka ikazisokota, ikasokota, mpaka ikajifunga yenyewe kwa uzi wake.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza Mabula, amesimama nyuma yake sasa.

Kiti cha kamba kikalia.

"Nyigu," alisema Mzee Ngeleja.

"Nyigu wanasokota pamba, mzee?"

"Nyigu walikuwa wanaingia. Wale wanaojenga kwa udongo. Niliwaona wawili, watatu, wanaingia kwenye matundu na matope mdomoni. Nikasema hii ni mali ya wanachama." Alijikuna shingo. "Nikaziba kwa njiti ya kiberiti. Siku mbili nzima. Na si pamba mbovu. Ni daraja la kwanza, nilichagua mwenyewe."

Mabula aligeukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Ulisema haisikii, Mabula," alisema Milembe taratibu. Alikuwa amechomoa kidonge kimoja, amekishika kati ya vidole viwili. "Itasikiaje? Ina pamba masikioni."

Hapo hata mzee alicheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akatoa leso. Alipomaliza kufuta macho alisimama, akavua koti, akalitundika msumarini. "Haya, Ng'wana Masalu. Nimeziba mimi. Niambie nizibue vipi."

Walifanya kazi wawili. Milembe alitoa vidonge kwa sindano ya kushonea magunia, akavipanga kwenye kisosi. Alikata uzi uliojifunga kwenye feni, akaufumua mzunguko kwa mzunguko. Alipitisha brashi ya kupakia rangi kila kona, kwa ule mkono wake wa kufagia chini ya makabati, mkono usioamini pembe yoyote. Ndani kabisa alikuta kijumba cha nyigu, kidogo kama punje ya karanga, kikavu, hakina mtu. Akampa mzee. Mzee akakitazama kwa heshima fulani, kama adui aliyekuwa na hoja.

Vumbi lililobaki lilihitaji upepo. Mzee Ngeleja alileta pampu ya baiskeli yake akapampu mwenyewe, mwenyekiti mzima, jasho likimtoka, huku Milembe akielekeza mpira: hapa, hapa tena, baba, polepole. Nyuzi zikaruka ofisi nzima. Mabula akafunika kompyuta yake kwa faili, kisha akatazama alichofanya, akaliondoa faili.

Saa sita kasorobo waliiwasha. Feni ikakoroma, ikasita, halafu ikashika. Milembe alipeleka kiganja nyuma.

Hewa ikampuliza.

Alichukua ile flashi yenye windo, na safari hii hakuichomeka kwenye tundu la mbele, ambalo lilikuwa limelegea kwa kuchomekwa na kila mtu. Aliichomeka nyuma. Winnie alikuwa akiwaambia hivyo: kwenye kompyuta nzee, anza na tundu la nyuma. Akaanza upya. Sifuri.

Mbili. Tano. Tisa. Kumi na tano ikachelewa kidogo. Kumi na saba. Kumi na nane.

Mabula alikuwa ameacha simu mezani.

Kumi na tisa.

"Imepita," alisema Mabula, kwa sauti ya mtu asiyependa kukamatwa amefurahi.

Ilikuwa kompyuta ya zamani, haikugeuka swala. Ilitembea kama ng'ombe anayetoka malamboni ameshiba, lakini haikusimama. Ishirini na sita. Thelathini na nne. Milembe alifagia nyuzi zote sakafuni, akapiga deki, akarudi: hamsini na moja.

Saa saba na dakika ishirini guta likalia breki nje.

"Mwadila, baba," ilisikika sauti ya Salu mlangoni. "Nimewahi. Nasikia kuna kompyuta na vyuma."

"Mwadila," Mzee Ngeleja aliitikia salamu. Hakutazama kioo. Kioo kilisema sitini na tatu. "Vipo. Anza na mabomba. Halafu majembe. Halafu ule mzani mbovu wa ghalani."

"Mzani?" alisema Mabula. "Mzani haukuwa kwenye orodha."

"Sasa upo."

"Mzee, ule umefungwa kwa nati nane kwenye saruji."

"Ndiyo maana nakwambia umsaidie."

Mabula alimtazama mwenyekiti, akamtazama Milembe, akakunja mikono ya shati. Kutoka ghalani ukaanza kusikika mlio wa spana na Salu akilalamika kwamba nati hizi zilifungwa na mtu mwenye hasira. Kila baada ya muda kichwa cha Mabula kilichungulia mlangoni.

"Ngapi?"

"Sabini na nane."

Spana.

"Ngapi?"

"Themanini na sita. Usikaze, legeza."

"Nalegeza, dada. Zimebaki mbili."

"Basi legeza kwa adabu."

Tisini na tisa ilikaa muda mrefu kuliko zote. Milembe aliweka kiganja nyuma ya boksi, akakiacha pale, kama mtu anayempima mgonjwa. Uvuguvugu tu. Inapumua. Akatoa mkono. Kioo kikawa cheusi. Salu na Mabula wakaingia wameshika mzani huku na huku, wakauona weusi ule, wakasimama nao mikononi. Hakuna aliyekumbuka kuutua.

Kisha boksi likatoa mlio mdogo, wa noti nne, na kioo kikafunguka chote, bluu, kutoka pembe mpaka pembe.

"Ee," alisema Salu.

"Kuwaka imewaka," alisema Mabula, akihema kwa uzito. "Lakini muhtasari unasema na kufanya kazi."

Milembe alivuta kiti. Hakuwahi kukaa kwenye kiti cha ofisi ile. Alikuwa anakifuta tu. Alifungua ukurasa mtupu, akaweka vidole kumi pale vilipozoea kukaa, akainua uso akamtazama Mabula machoni. Vidole vikaondoka vyenyewe. Havikugongana, havikutafuta. Jina lake, jina la baba yake, Shishiyu, Kalemela, Malampaka, Bariadi. Orodha ya vyuma vyote vilivyoondoka siku ile, mabomba manne, majembe kumi na moja, mzani mmoja ambao haukuwa kwenye orodha. Mstari juu ya mstari, na macho yake hayakushuka hata mara moja.

Mabula, aliyeandika barua zote za chama kwa vidole viwili, alitua upande wake wa mzani.

"Umejifunzia wapi hivyo?"

"Kwenye boksi la sabuni."

Alidhani anataniwa. Alisubiri acheke, naye hakucheka. Basi akaenda mezani kwake, akafungua daftari la muhtasari, akaandika mstari mmoja, akampelekea mwenyekiti asaini.

"Chukua, Ng'wana Masalu," alisema Mzee Ngeleja.

"Wabeja, baba," Milembe alishukuru.

Kioo na kibodi Salu alikubali kuvipeleka nyumbani kwa Milembe, kwa kuwa alikuwa anaelekea huko huko. Alivipanga juu ya mabomba, akavitandikia gunia. "Leta na boksi, mayu. Nafasi ipo."

Milembe alilitazama guta, majembe yaliyovunjika, kutu, ule mzani uliolala chali.

"Hilo halipandi humo."

Akaomba kitambaa cha Apolonia. Mzee akakikung'uta, akampa. Akakisokota duara, akakiweka kichwani kama kata ya ndoo, na Mabula akamtwisha. Lilikuwa zito. Shingo ikanyooka.

Mzee Ngeleja alibaki mlangoni na kisosi chake cha pamba. Barabarani Milembe alitangulia, guta likimfuata polepole, kioo kikiyumba juu ya vyuma. Ncha ya kata ilikuwa imefumuka ikamning'inia usoni, herufi tatu za mwanzo za KARIBU zikionekana, nyekundu. Wanawake waliokuwa wanarudi mnadani walimsalimu. Aliitikia bila kugeuka, maana hakuweza kugeuka. Upepo wa mchana ukapita ndani ya boksi, ukaingilia mbele ukatokea nyuma, na kila baada ya hatua kadhaa uzi mmoja mweupe ulitoka kwenye matundu, ukapaa kidogo, ukabaki hewani juu ya njia aliyokwisha kuipita.