Lami ya Magoti

Kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, Lea alikata lami nyeusi kiasi cha punje ya kunde kwa kila mtu, akaikoroga kwenye maziwa ya vuguvugu, akawanywesha watu arobaini waliojitolea kwa utafiti pale Chumbageni, Tanga. Lami hiyo, shilajiti, hutoka kwenye miamba ya milima ya mbali, na wauzaji huapa kuwa inaponya viungo. Daktari Muhanad alitaka kujua kama ni kweli. Mtu wa arobaini alikuwa baba yake Lea, Mzee Eliudi wa Makorora, ambaye magoti yake yaliishia kwenye mashamba ya mkonge.

Wiki ya tatu nyayo zake ziligeuka jiwe. Wiki ya tano jiwe likapita magoti. Mkewe akawa analipangusa vumbi akishamaliza kufagia.

Lea aliwauliza wote swali la kwenye fomu: "Habari za mwili?"

"Nzuri," alisema Bi Mwamvua, muuza bajia, "ila miguu imekuwa mawe."

"Njema, mwanangu," alisema baba yake, "ila limefika kiunoni."

Ndivyo tulivyolelewa huku: hata mwenye msiba hutanguliza nzuri, msiba ukafuata. Fomu ilikuwa na nafasi ya neno moja. Daktari aliyeitunga ni mzaliwa wa Tanga, lakini elimu nayo ina namna yake ya kumsahaulisha mtu kwao. Wote arobaini wakaandikwa nzuri.

Lea akaenda ofisini kwa Daktari.

"Shikamoo, Daktari. Tusimamishe. Baba anaisha."

"Marahaba. Ana maumivu?"

"Hana. Jiwe haliumi."

"Basi dawa inafanya kazi," alisema kwa upole, akamwonyesha safu ya maumivu kwenye daftari lake. Ilijaa sifuri.

Lea alitoka. Nyumbani akamsihi baba yake aache.

"Miaka kumi na miwili sijalala hivi," alisema Mzee Eliudi. "Tena nimeahidi mbele za watu. Usiniaibishe, mama."

Wiki ya nane cheti cha kushuhudia kuwa dawa inaponya kilikuwa tayari; wengine wote walishatia alama za vidole, kikawa kinasubiri ya Mzee Eliudi tu. Jiwe lilikuwa limeshafunika kinywa. Lea alilia kwanza, kisha akakipaka wino kidole gumba cha baba yake. Hakikukunjika, kwa hiyo akaipeleka karatasi kwenye kidole, akaikandamiza.

Alama ilitoka safi kuliko zote.